UZI: Milango ya potasiamu na uvimbe wa ubongo, tuelewane kabla hamjammezesha mtu klotrimazoli

Fundi Darubini (mwanzisha uzi)

Wakuu za usiku. Mods naomba huu msiuunganishe na ule uzi wa kansa kwa ujumla, huu una jambo lake.

Kaka angu ninayemfuata ana glioblastoma, ile kansa ya ubongo ya daraja la 4. Ilianza kichwa kinamuuma kila akiamka, tukasema presha, tukasema macho, akanunuliwa na miwani, mpaka siku kaanguka kifafa stendi nauli ikiwa mkononi. Kapasuliwa, kapigwa mionzi mara 30, sasa yuko kwenye vidonge vya kansa vya temozolomaidi. Maelezo tuliyopewa siku ya majibu hayakuzidi dakika nne, tumesimama koridoni, watu wanapita na machela. Ya hospitali tuyaache.

Sasa juzi kwenye grupu la familia mama mdogo karusha meseji ndeefu ya SAMBAZA UOKOE MAISHA, eti Wajerumani wamegundua uvimbe wa ubongo unaendeshwa na potasiamu na dawa ya fangasi ya bei ya soda inaufunga. Ijumaa nafika kwa bro nakuta shemeji kapanga mezani vidonge vya klotrimazoli, vile vya ukeni jamani, na kile kijiti cha plastiki cha kuingizia bado kimo kwenye boksi, kashakoroga uji, anasubiri mgonjwa aamke ameze.

Nikavichukua nikaweka mfukoni. Halafu sikuwa na la kumjibu. Mimi ni mtu wa maabara, napima damu na mkojo, siyo daktari wa kansa. Nimekaa usiku tatu nasoma, na kilichoniuma ni kwamba ile meseji sio uongo wote. Ingekuwa uongo mtupu ingekuwa rahisi.

Twende taratibu.

Seli yoyote hai ndani imejaa potasiamu, nje imejaa sodiamu. Ndani potasiamu inafika kama 140 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, nje ni 4 hivi. Kwenye ngozi ya seli kuna vimlango vya protini, vingine vinapitisha potasiamu tu basi, sodiamu ikija inaachwa nje. Potasiamu ikitoka inaacha ndani ya seli kuwa hasi, na huo ndo umeme wa seli. Neva iliyotulia iko kwenye hasi 70 milivolti, zile seli zinazolea neva, astrosaiti, zinashuka zaidi mpaka hasi 80 au 90. Seli za uvimbe nyingi hazifiki huko, umeme wake ni dhaifu, na seli yenye umeme dhaifu inapenda kugawanyika. Hiyo watu wameijua miaka mingi. Mwaka 1997 kuna Wamarekani waliziwekea seli za uvimbe kwenye sahani dawa inayoziba milango hiyo, 4-aminopiridini, zikafa. Watu wakashangilia. Shida moja tu, hiyo hiyo ndo dawa maabara wanayoitumia kumtia panya kifafa.

Ntaendelea, umeme unakatika katika huku.

Kikombe Cha Kahawa

Nimeweka mkeka hapa mkuu. Pole na bro.

Mama Wawili

Pole sana kaka. Swali la haraka kabla hujaendelea, kwa hiyo mgonjwa aache ndizi na madafu? Maana na mimi hiyo meseji ilinifikia, imesema potasiamu ndo chakula cha uvimbe, na baba mkwe wangu ana uvimbe wa kichwa tumemkatazia ndizi mwezi wa pili huu, na mtu wa Bukoba yule unaweza kumwelewa hali aliyo nayo.

Fundi Darubini

Dada mrudishie mzee ndizi zake leo leo!

Ngoja nieleze vizuri. Inayozungumzwa ni milango, sio kiasi cha potasiamu unachokula. Potasiamu kwenye damu figo inaibana kati ya 3.5 na 5 usiku na mchana, ule mkungu mzima au usile kabisa. Ikishuka sana au kupanda sana moyo unasumbua muda mrefu kabla uvimbe haujajua lolote. Tena mgonjwa wa uvimbe mara nyingi yuko kwenye deksamethasoni ya kupunguza uvimbe wa maji kichwani, na hiyo dawa inafanya mwili upoteze potasiamu kwenye mkojo. Sasa umkatazie na ndizi juu yake? Anayetakiwa kuangalia potasiamu kwenye chakula ni mwenye figo mbovu au mwenye dawa zinazoipandisha, na hilo linapimwa kwenye damu, mimi hicho kipimo nakifanya kila siku, dakika chache majibu yanatoka.

Baba mkwe kama figo zake hazina shida ale.

Mama Wawili

Mungu wangu. Sawa.

Fundi Darubini

Naendelea. Kuna mambo mawili mlango wa potasiamu unaufanyia uvimbe huu ambayo ukiyajua unaelewa kwanini watafiti hawaachi.

La kwanza ni kupenya. Glioblastoma ni nadra kutoka nje ya kichwa kwenda ini au mapafu kama kansa nyingine. Inatambaa humo humo, inafuata mishipa ya damu na nyuzi nyeupe za ubongo, ndo maana daktari anatoa donge lote linaloonekana na bado linarudi. Humo ndani hakuna nafasi, ubongo umebanana kama daladala ya saa moja asubuhi. Seli inapitaje? Inajikondesha. Inafungua milango ya potasiamu na ya kloridi, chumvi inatoka, maji yanaifuata chumvi, seli inapungua karibu theluthi nzima ya ujazo wake, inajipenyeza, ikifika upande wa pili inajaa tena. Hii kazi imefanywa sana na Harald Sontheimer na wenzake Marekani. Mimi niliposoma hilo niliweka simu chini kidogo, maana nimeona seli nyekundu za damu zikinywea kwenye maji ya chumvi chini ya darubini mara elfu, tangu chuo, sikuwahi kufikiria kuna seli inafanya hivyo kwa makusudi ili ipite.

La pili ndo hilo la Wajerumani.

Mbongo Mannheim

Mkuu hapo nisaidie nidakie, niko jirani na Heidelberg na hiyo kazi nimeisoma, nafanya uzamili wa baiolojia huku.

Kundi la Frank Winkler la Heidelberg mwaka 2015 walionyesha kwamba seli za huu uvimbe hazikai moja moja. Zinarefusha vijimirija vyembamba zinashikana, uvimbe mzima unakuwa mtandao. Wanamwekea panya kidirisha cha kioo kwenye fuvu, wanapandikiza seli za uvimbe wa binadamu, halafu wanamwangalia panya yule yule wiki baada ya wiki kwa darubini ya leza. Unaona kabisa mirija inakua. Na seli zilizounganishwa ndo zinazohimili mionzi, ikiumizwa moja jirani zake wanagawana nayo mzigo.

Halafu 2019 wao pamoja na kundi la Michelle Monje kule Stanford, kila mmoja kivyake, wakaonyesha neva za ubongo zinaungana na seli za uvimbe kwa sinapsi za kweli, vile viungio ambavyo neva zinapeana habari. Yani ukifikiri, uvimbe unasikiliza.

Sasa hii ya potasiamu ilitoka kwenye jarida la Nature, mwanzoni mwa 2023 kama sijakosea toleo. Waliona kwenye mtandao ule kuna seli chache, chache sana, ambazo kalsiamu ndani yake inapanda na kushuka kwa mdundo, zenyewe, bila kuambiwa na mtu. Kama zile seli za moyo zinazoanzisha pigo. Zimekaa pale mirija mingi inapokutana, zikipiga, wimbi linasambaa mtandao mzima na seli nyingine zinapata amri ya kukua. Na kinachoshika mdundo ni mlango wa potasiamu mmoja unaoitwa KCa3.1. Kalsiamu ikipanda mlango unafunguka, potasiamu inatoka, ndani panakuwa hasi, hasi inavuta kalsiamu nyingine, na mzunguko unarudi. Wakauziba kwa dawa inaitwa senikapoki, na nyingine ya maabara TRAM-34. Mdundo ukanyamaza, uvimbe ukapungua kasi, panya wakaishi zaidi. Hawakupona, waliishi zaidi, tusidanganyane.

Kikombe Cha Kahawa

Duh. Kumbe uvimbe una ngoma yake.

Mjukuu wa Nyerezi

Sasa si ndo hapo, dawa ipo, wameificha. Mabeberu wangeitoa bure biashara ya mionzi ingekufa. Mnajifanya kueleza sayansi wakati watu wanakufa.

Fundi Darubini

Mkuu hasira yako naielewa, na mimi niliwaza hivyo usiku wa kwanza. Lakini fuatilia hiyo senikapoki ilikotoka utaona kitu kingine kabisa, na kinatuhusu kuliko unavyodhani.

Senikapoki ilitengenezwa kwa ajili ya sikoseli. Huo mlango KCa3.1 kwenye seli nyekundu za damu unaitwa mlango wa Gárdos, kwa jina la Mhungaria aliyeuelezea mwaka 1958. Kwenye sikoseli mlango ule unaachia potasiamu, maji yanaifuata, seli inakauka, na hemoglobini ikibanana ndani seli inapinda kuwa mundu kwa urahisi zaidi. Wakasema tukiuziba, seli itabaki na maji yake. Miaka ya 1990 kule Boston walijaribu kwanza klotrimazoli yenyewe, wagonjwa wachache, wakaimeza kweli, na seli kweli zilihifadhi maji. Ila mkojo uliwachoma na vipimo vya ini vikapanda. Ndo wakemia wakachukua umbo la klotrimazoli wakalichonga upya, upande mmoja ikatoka TRAM-34 mwaka 2000, upande mwingine senikapoki.

Kwa hiyo meseji ya mama mdogo ilishika mkia wa jambo la kweli. Klotrimazoli inaziba mlango ule. Ila inaziba pia vimeng'enya vya ini vinavyosaga dawa nyingine, na mgonjwa wa uvimbe anaweza kuwa na dawa za kifafa na deksamethasoni zinazopita hapo hapo kwenye ini. Unaweza ukampa kidonge cha fangasi ukapandisha dawa ya kifafa mpaka akawa analegea na kuyumba, halafu mkasema uvimbe umerudi.

Na senikapoki kwenye sikoseli ilifika jaribio kubwa la awamu ya tatu. Damu ilipanda, seli zikaacha kuvunjika ovyo, lakini yale maumivu makali ya mifupa hayakupungua, wakasitisha. Ikawekwa kabatini. Haikufichwa mkuu, ilifeli mtihani mmoja, na miaka baadae mtu mwingine akaikumbuka kwa mtihani mwingine. Kutoka panya wa Heidelberg mpaka mgonjwa wa Mbagala kuna hatua ambazo huwezi kuziruka kwa hasira.

Mjukuu wa Nyerezi

Sawa nimekaa. Endelea.

Bint Sikoseli

Nimesoma hapa machozi yananitoka, mimi mwenyewe ni sikoseli miaka 27. Kwa hiyo dawa iliyotengenezwa kwa ajili yetu ikafeli kwetu ndo inaenda kusaidia watu wa ubongo? Sijui nifurahi au vipi lol. Pole kwa bro, nitamuombea.

Daktari Mstaafu

Vijana naomba niingie, nilikuwa nasoma kimya. Mnaongelea mlango mmoja kama vile ndo upo huo peke yake. Ipo zaidi ya 70 kwenye mwili wa binadamu, na mwingine ambao watafiti wa uvimbe wanautamani pia ndio unaotunyima usingizi sisi watu wa moyo. Unaitwa hERG.

Jina lenyewe lina kichekesho. Miaka ya 1960 kuna watafiti wa nzi wa matunda, wakiwapulizia nzi fulani etha ya usingizi, nzi wale badala ya kulala wanatikisa miguu kama wanacheza disko. Wakauita "ether-à-go-go", etha pamoja na jina la disko la enzi hizo, na hERG ni kifupisho kilichotokana na hapo. Baadae ikaonekana binadamu ana ndugu wa mlango ule, na kazi yake kwenye moyo ni kuurudisha moyo kwenye utulivu baada ya kila pigo. Ukizibwa, pigo linachelewa kumalizika, ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, inaonyesha QT ndefu, yani umeme wa pigo unachukua muda mrefu kuisha, na siku mbaya moyo unaanza kupapatika, mtu anaanguka. Anaanguka mzima, sio mgonjwa. Terfenadini ya mafua ya aleji na sisapridi ya tumbo ziliondolewa sokoni mwishoni mwa miaka ya 90 na mwaka 2000 kwa sababu hiyo. Wazee wenzangu mnakumbuka Halfan ya malaria? Ni mlango huo huo.

Uvimbe wa glioblastoma wenye hERG nyingi huwa mkali zaidi. Kule Wisconsin walirudi kwenye mafaili ya wagonjwa wao, wakakuta wale wenye hERG nyingi ambao kwa bahati tu walikuwa wanatumia dawa zinazoziba mlango huo kwa magonjwa mengine, waliishi zaidi kidogo. Kwa bahati, narudia. Hiyo ni kuangalia nyuma kwenye mafaili, wagonjwa wachache, sio jaribio. Inakupa wazo tu, haikupi dozi.

Sasa Fundi, nikuulize. Kaka yako kabla ya temozolomaidi anapewa nini cha kuzuia kutapika?

Fundi Darubini

Ondansetroni mzee.

Daktari Mstaafu

Ndiyo hiyo. Ondansetroni nayo inagusa hERG. Kwa dozi yake ya kawaida na moyo mzima haina neno, ndio maana tunaitoa. Lakini mtu akimwongezea dawa ya pili ya aina hiyo bila kumwambia mtu, juu ya potasiamu iliyoshushwa na deksamethasoni na kutapika, na akiwa kakatazwa na ndizi kama baba mkwe wa dada hapo juu, hapo umepanga ajali barabara nzima. Mpigieni ECG na potasiamu ya damu, ni vipimo vya kawaida kabisa. Na lile boksi la mfukoni mwako lirudishe duka la dawa au litupe, lisirudi mezani.

Mzee wa Nge

Mimi nina jamaa Oman ananiambia huko wanauza sumu ya nge kwa ajili ya uvimbe wa ubongo. Nayo vipi?

Mbongo Mannheim

Haha nilijua itakuja. Nge yupo kweli, yule wa manjano wa jangwa la Afrika Kaskazini na Uarabuni, Leiurus. Sumu yake ni kabati zima la vizibo vya milango, kuna moja inaitwa karibdotoksini inaziba milango ya potasiamu inayofunguliwa na kalsiamu, na nyingine klorotoksini, hii ni mnyororo wa asidi amino 36 tu na inanata kwenye seli za glioma, yani lile kundi la uvimbe wa ubongo ambalo glioblastoma imo, kuliko seli za kawaida za ubongo. Hiyo ya pili watu wameifunga rangi inayowaka ili daktari wa upasuaji aone mpaka wa uvimbe. Lakini ni protini moja iliyotengenezwa kiwandani ikasafishwa. Sumu nzima ya nge kwenye chupa ya sokoni ni kuumwa na nge kwa kulipia.

Mama Wawili

😂😂 kwa kulipia.

Kikombe Cha Kahawa

Na dawa ya sukari? Hapo mtaani kwetu wanasema glibenklamaidi.

Fundi Darubini

Nayo inaziba mlango wa potasiamu, mwingine tena, ule unaosoma kama seli ina nguvu au haina. Kwenye kongosho ukiuziba insulini inamwagika, ndo inavyoshusha sukari. Kuna kazi za maabara zinasema seli za glioma zina mlango huo na ukizibwa zinapunguza kukua, kwenye sahani. Mpe mtu asiye na kisukari ambaye hajala vizuri tangu asubuhi uone, sukari itadondoka akiwa usingizini.

Halafu kuna jambo moja limenikaa kichwani naomba mlisikie kabla sijafunga simu. Sio kila mlango wa potasiamu kwenye uvimbe ni adui. Kuna mmoja unaitwa Kir4.1, ndo unaoipa astrosaiti umeme wake wa hasi 80, na kazi yake ni kufyonza potasiamu iliyomwagwa na neva ili zisichanganyikiwe. Seli za glioma nyingi zimeupoteza au zimeuweka mahali pasipo. Watafiti wakiurudisha kwa nguvu, seli zinapata umeme wake na zinapunguza kugawanyika. Yani hapo dawa ingekuwa kufungua, sio kuziba. Kwa hiyo mtu akikwambia "kizuizi cha potasiamu kinatibu uvimbe" muulize kipi, mlango gani, kwenye seli gani. Akikwama, mpishe apite.

Na namba mnazijua, 2005 ilipoongezwa temozolomaidi kwenye mionzi, muda wa kuishi wa mgonjwa wa katikati ulitoka miezi 12.1 ukafika 14.6. Miezi miwili na nusu, na dunia nzima ikabadilisha matibabu kwa ajili ya hiyo. Ndo ujue njaa iliyopo.

Fundi Darubini

Mrejesho wakuu, Jumanne.

ECG kapigwa, QT iko sawa. Potasiamu nilichukua damu mwenyewe nikapima, 3.4, chini kidogo, daktari wake kampa dawa ya kuongeza. Shemeji nimekaa nae jikoni nikamsomea uzi huu tangu mwanzo, kanuna kidogo pale kwenye vidonge vya ukeni maana hakujua ni vya huko, alinunua kwa jina tu lililoandikwa kwenye meseji na muuza duka hakuuliza chochote.

Bro nae kausoma kwenye simu yangu, inamchukua muda siku hizi, anarudia mistari. Kafika pale kwa panya wa Heidelberg wenye kidirisha kichwani kacheka mpaka kakohoa, kasema wale panya wanaangaliwa kila wiki na yeye MRI yake inayofuata ni mwezi wa kumi na moja. Halafu kauliza kama madafu yameruhusiwa. Nimemletea mawili, moja kalimaliza, la pili anasema niliweke kwa friji.

Mama Wawili

Na mimi mzee wangu kala matoke sahani mbili. Hakutusemesha mpaka alipomaliza.